Ukucha wa Mjomba Hezron

Usiku ule nililala bila kusali. Sikutaka Mungu asikie mambo niliyokuwa nikiyapanga. Kesho yake ilikuwa siku ya ukumbusho wa Mjomba Hezron, kaka wa mama yangu, aliyenilea tangu mama alipofariki, na mtu aliyekuwa akingojewa kuja kulichukua gitaa lake mbele ya watu wote alikuwa Zakayo. Zakayo yule yule. Hata sasa nikilitaja jina lake mate yananikauka.

Wacha nieleze ili mjue kwa nini. Mjomba alitunga nyimbo nyingi za harusi na za matanga, lakini kuna mmoja aliouheshimu kuliko zote, wimbo wa dada yake. Mama yangu aliitwa Trufena. Katika wimbo ule Mjomba alimwita kwa jina tena na tena, polepole, kama anayemwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Mama hakuacha picha hata moja. Alikuwa na wimbo tu.

Zakayo alipiga gitaa na Mjomba kwa miaka, akila kwetu, akilala kwetu mvua ikizidi. Mjomba alipolazwa, yeye akaenda studio Kisumu akaurekodi wimbo ule kwa jina lake. Na pale palipokuwa na jina la mama yangu akaweka jina la mheshimiwa mmoja. Mheshimiwa akafurahi, redio zikaupiga asubuhi na jioni. Mjomba aliusikia wodini, kwenye redio ya mgonjwa wa kitanda cha pili. Aligeukia ukuta. Watu wanasema ni figo zilizomuua. Mimi najua ninachojua.

Sasa kwetu, gitaa la marehemu halipewi mtu hivi hivi. Siku ya ukumbusho, anayelitaka hukaa kwenye kiti cha marehemu na kuupiga wimbo wa marehemu kama mwenyewe alivyoupiga. Wazee wakiridhika, anaondoka na gitaa, na kuanzia hapo nyimbo zile ni zake mbele ya watu. Zakayo aliliomba mwenyewe, na ndugu za Mjomba wakakubali, maana anasikika redioni. Akishalipata, nani angemsikiliza mwanamke ambaye kazi yake katika bendi ilikuwa kukwaruza chupa ya soda kwa kipande cha chuma? Jina la mama lingekuwa limekwisha kabisa.

Basi nililala nikipanga. Nilifikiria maji ya moto. Nilifikiria kumtukana mbele ya mchungaji, matusi ya kumfanya mchungaji afunge Biblia. Nilifikiria pia ile chupa ya soda na kichwa cha Zakayo. Nikiwa katikati ya raha hiyo, usingizi ukanichukua.

Nikajikuta jikoni kwangu, mchana kweupe. Mjomba alikuwa amekaa kwenye kigoda changu, amevaa ile suti tuliyomzika nayo, mikono ya shati ameikunja. Mbele yake sufuria yangu ilikuwa ikichemka, na harufu niliijua kabla sijachungulia. Ilikuwa harufu ya pembe ya ng'ombe. Alikuwa akipika ukucha.

Ukucha ni kile kipande cha pembe alichokivaa kwenye kidole gumba akipiga gitaa. Pembe ikichemka sana hulainika, nawe unaizungushia kidole ikiwa bado ya moto, ikipoa inakaa hivyo. Ulimi wake mdogo unabaki nje, na huo ndio unaopiga zile nyuzi nene. Gumba linatembeza besi bila kupumzika, na kidole cha shahada, bila kitu, kinaimba kwenye nyuzi nyembamba. Vidole viwili tu, lakini ukisimama nje ungedhani wapigaji ni wawili. Mjomba alinifundisha hapo hapo jikoni, mlango ukiwa umefungwa, kwa sababu mwanamke kucharaza gitaa ni maneno ya kijiji kizima. Ule wake wa mwisho nilimvua mwenyewe hospitalini. Alikuwa akigongagonga nao chuma cha kitanda mpaka nguvu zilipomwisha.

Nikapiga magoti nikamsalimu. Nikasema, maana nilifikiri nimejua alichokijia, "Mjomba, umekuja kuniambia nimsamehe?"

Akainua macho. Sijawahi kumwona na uso ule alipokuwa hai.

"Nitoke kote huko nije kusema hivyo?"

Nilifurahi. Nasema ukweli, nilifurahi mpaka nikaona aibu kidogo. Watu husimulia wafu wao wakija na maneno ya amani, wamevaa nyeupe, wananukia. Wangu alikuja na hasira kuliko yangu.

Anauchukua ukucha kutoka kwenye maji kwa vidole vitupu, haumuunguzi. Ananishika mkono. Tunasimama, na tukisimama tuko sokoni, mbele ya kinu cha kusaga mahindi, pale alipopenda kupigia siku za soko. Kinu kinanguruma, wanawake wanapigia kelele bei za dagaa, lakini gitaa lake linasikika mpaka barabarani, kwa ajili ya ukucha ule. Kando yake amekaa Zakayo, kijana bado, ameshika kipande cha plastiki cha kupigia alichokata kwenye mtungi, anapiga nyuzi nyembamba tu. Mjomba anamtupia ukucha. Zakayo anaujaribu mara moja, anauvua, anacheka. "Huu unanibana, Mzee. Mambo ya zamani haya."

Siku hiyo ilitokea kweli, nami nilikuwepo. Nilikuwa nimeisahau.

Mjomba ananivuta. Pale palipokuwa na kinu sasa kuna ukuta wa kioo. Ni studio. Zakayo amesimama upande wa pili, amefumba macho, analitamka jina la mheshimiwa kwa mapenzi kabisa, shetani yule. Mimi natafuta kitu cha kuvunjia kioo. Mjomba ananigeuza kichwa kwa nguvu, kama alivyonigeuza nikiwa mtoto nikiangalia pasipotakiwa. Ananionyesha kona. Huko amekaa mtu mwingine nisiyemjua, na gitaa lingine mapajani, anapiga besi.

Besi yote. Tangu mwanzo mpaka mwisho.

Nikamtazama Zakayo tena, safari hii nikamtazama mkono. Gumba lake lilikuwa limelala juu ya kile kiplastiki, halifanyi kazi yoyote. Halikuwahi kufanya. Miaka yote ile besi ilikuwa ya Mjomba, na redioni ilikuwa ya mtu wa kukodi.

"Trufena ananiuliza kila siku jina lake liko wapi," Mjomba akasema. Sauti yake ilikuwa chini sana. "Nimechoka kumdanganya."

Nikalia. Nikamwambia nitamuua. Akatikisa kichwa.

"Usimguse. Mvalishe ukucha wangu."

Basi tuko uani kwake, chini ya turubai la ukumbusho, viti vimejaa. Zakayo yuko kwenye kiti cha marehemu. Wazee wanamwambia avae, apige kama mwenyewe alivyopiga, na hawezi kukataa kwa kuwa ameliomba gitaa mwenyewe. Anaanza. Kidole chake kinaimba vizuri, sikatai. Gumba linapiga mara mbili, linateleza, linagonga uzi usiohusika, na kwa ajili ya pembe ile kosa linalia mpaka kwenye viti vya nyuma. Anaanza upya. Linakwama pale pale. Bibi mmoja wa kanisani, mzee kabisa, anauliza kwa sauti, "Na ile sauti nyingine iko wapi?" Hakuna anayecheka, na kutocheka kwao ndiko kunakomchoma. Jasho linamtoka shingoni. Anafungua kinywa alitaje jina la mheshimiwa, na jina halitoki.

Namtazama Mjomba. Anamwangalia kama mtu mwenye njaa anavyoangalia ugali ukigeuzwa sufuriani. Nami ni hivyo hivyo. Tunasimama pamoja, tunashiba.

Kisha akaniwekea mkono mgongoni, akanisukuma mbele, kuelekea kile kiti.

"Akiinuka, kaa wewe. Mwite mama yako."

Niliamka gumba likitembea juu ya blanketi, moja mbili, moja mbili. Nje kulikuwa kumeshapambazuka na wifi yangu alikuwa akinigongea dirishani. "Amka wewe! Wageni wameanza kufika. Zakayo yuko uani kwa Mjomba na anaulizia chai."

Sikunawa hata uso. Nilipitia kwanza kwa wazee waliokuwa wakipanga viti, nikaongea nao maneno machache, wakaitikia kwa vichwa. Kisha nikampelekea Zakayo chai mwenyewe, kwa mikono miwili, kama mgeni wa heshima. Alikuwa amevaa koti jipya.

"Pole sana, dada," akasema. "Leo tutamuenzi Mzee vizuri."

"Asante. Karibu sana." Nikakaa karibu naye. "Ukucha wake ninao, nimekuletea. Wazee nimeshawaambia kwamba utaupiga wimbo kama yeye, besi na yote, wewe peke yako. Wamefurahi sana."

Kikombe kilikuwa kimefika karibu na mdomo. Kikabaki hapo. Akautazama ukucha mkononi mwangu, akawatazama wazee, kisha akaanza kuniambia jambo kuhusu kidole kinachomuuma tangu juzi.

Nikaushika mkono wake wa kulia, nikamvalisha taratibu.

"Na jina ni Trufena," nikamwambia. "Usije ukakosea."