Kuziba Nyuma

Kiburi cha kukataa kusaidiwa huota mapema. Mimi nilikuwa nacho nikiwa na miaka kumi na mmoja.

Enzi zetu wasichana wa Mkomani, alasiri tulipotoka chuoni kusoma Kurani, tulifunga mitandio viunoni tukakimbilia uwanja ulio nyuma ya mji, vidole vikinukia viazi vya karai. Tulicheza ule mchezo wa kupiga mpira kwa ubao na kuzunguka vituo vinne, ndugu wa besiboli ambayo vijana wa leo huitazama kwenye simu wakiwa wamejilaza, kisha wakalalamika kuwa wamechoka.

Mwalimu wetu, Bi Rukia, alitufundisha kuziba nyuma. Maana yake, mpira ukielekea kwa mwenzako, humnyang'anyi wala husimami kutazama. Unakimbilia nyuma yake, ili ukimpita ukukute wewe. Ni kazi isiyoshangiliwa, kwa kuwa mara nyingi mpira haupiti.

Binti wa ami yangu aliipenda kazi hiyo, nami ikanichoma.

"Hebu ondoka nyuma yangu! Kwani mimi kipofu?"

"Sikutazami wewe, bibi. Natazama mpira."

Wenzetu wakacheka, wakaniita mwenye mkia.

Mwaka huo tulivuka hadi Mtangawanda kucheza na wasichana wa Pate. Mshindi angekwenda Kiunga, alikoishi nyanya yangu mzaa mama, ambaye sikuwa nimemwona kwa miaka mitatu. Tulikuwa mbele kwa mzunguko mmoja. Mpigaji wao wa mwisho aliupiga mpira kwangu, mwenzake akiwa kituo cha tatu. Wote wawili wakifika nyumbani, kile kituo cha nne, safari imekwisha. Niliinama kwa madaha. Mpira ukagonga jiwe, ukaniruka bega.

Nilipogeuka, binti wa ami alikuwa ameshaudaka na kuurusha. Yule wa kituo cha tatu akatolewa akiwa hatua mbili tu kutoka nyumbani, na mchezo ukaisha. Watu wakanibeba mimi, niliyekuwa karibu, nami nikanyamaza nikabebwa.

Siku hizi kila mtoto hujipiga picha akiwa mbele. Sisi hatukuwa na kamera, lakini sura ya aliyekuwa nyuma yangu ninayo hadi leo, na hunifurahisha kuliko picha yoyote.

Kiunga, nyanya alinikumbatia, kanga yake ikinukia udi.

"Nani kakuleta, mjukuu wangu?"

Wenzangu wote walikuwa wakisikia. Nikamvuta mkono binti wa ami aliyekuwa nyuma yangu, nikamsogeza mbele, nikasema: "Mwanaesha."