Msimu wa Fedha za Kuvukia

Siku ya kwanza kazini nilipewa nguzo za mianzi nibebe, nikaambiwa ninyamaze. Mtafiti Mkuu, mzungu mrefu aliyejua Kiswahili cha amri kuliko cha salamu, alituongoza alfajiri hadi ukingo wa msitu ulio juu ya mashamba ya kijiji cha Daudi, huku Mbulu. Nilikuwa nimeacha shule baada ya mama kumfuata baba kaburini, na wadogo zangu walikuwa nyumbani wakisubiri nirudi na kitu. Kuhusu ndege nilijua wale wanaokula mtama, basi.

Tulifunga wavu kati ya nguzo. Wavu wa kazi hii ni mweusi na mwembamba sana, ukiwa kivulini hauonekani. Ndege akiruka anaangukia kwenye mfuko wa wavu na kukaa humo bila kuumia, mradi mtu afike mapema. Aliyekawia kwenye chai, ndege wake hufa kwa baridi. Wa kwanza kwangu alikuwa shore, naye alinidonoa kidole hadi damu.

"Umemwachia?" Mtafiti Mkuu aliuliza.

"Hapana."

"Basi kesho njoo tena."

Huo ndio ulikuwa usaili wangu.

Ndege akitolewa wavuni huwekwa kwenye mfuko wa kitambaa ili atulie gizani. Kisha hupimwa bawa kwa rula, hupimwa uzito kwa mizani ya kuning'iniza, na huvishwa mguuni pete nyepesi yenye namba. Halafu anaachiwa. Faida ya kazi si siku hiyo. Faida ni pale anaponaswa tena mwaka unaofuata, au miaka mingi baadaye, ukajua ameishi. Usipotega mwaka mmoja, hujui asiyeonekana alikufa au hakutafutwa. Vijana wengi wanaoanza kazi hii hawalielewi hilo, wanadhani mwaka uliorukwa utafidiwa na mwaka unaofuata. Haufidiwi.

Baada ya hapo nilipelekwa Hanang, upande wa Gehandu, kuhesabu korongo wenye taji wanaoshuka mashambani baada ya mavuno. Huko bosi alikuwa Msimamizi wa Kambi, mtu wa Singida, mkali kwa mambo ya maji na mpole kwa mengine yote. Aliniambia, "Paskalina, korongo mmoja asikufanye umsahau wa pembeni yake." Niliishi kwenye nyumba ya kupanga karibu na zizi, na wenyeji waliniita mama wa korongo kabla sijawa mama wa mtu yeyote. Wakati huo biashara ilikuwa imefunguliwa kila mahali. Wenzangu niliosoma nao waliuza mitumba na vitunguu, na walinicheka nikipita na darubini shingoni. Niliporudishwa Mbulu, Mtafiti Mkuu alikuwa ameondoka, na nafasi yake ameishika Daktari, mwanamke wa Bukoba, mtaratibu, anayesema ukweli wote hata asipoulizwa.

Ndipo ruzuku ikakatwa. Wafadhili walihamia mambo mengine, na Daktari akapewa taarifa hiyo kwa maneno ya heshima. Mishahara ikasimama. Shemeji yangu akanitaka nikauze mahindi naye Katesh. Nikamwambia nitajibu msimu ukiisha. Akauliza, "Msimu gani, na hamna kazi?" Mdogo wangu wa mwisho alikuwa bado sekondari, na shemeji alikuwa na haki ya kuuliza.

Daktari aliomba fedha za muda mfupi kwenye mfuko mdogo unaowasaidia watafiti wa ndege waliopoteza ruzuku. Sisi tuliziita fedha za kuvukia. Haziajiri mtu. Zinalipa chakula, nauli na posho za wasaidizi kwa msimu mmoja, ili kazi isikatike wakati mtafiti anatafuta ruzuku nyingine. Alizipata. Kilichobaki ni kijiji kukubali tuendelee kutumia njia za nyavu, kwa kuwa zilipita kwenye ardhi ya kijiji kabla ya kuingia msituni.

Kwenye mkutano Daktari alisimama na kusema ukweli wote. "Wazee, shikamooni. Ruzuku yetu imekwisha. Nimepata fedha za msimu mmoja tu. Baada ya hapo sijui."

Watu walimwambia pole, mmoja mmoja. Mwenyekiti naye akasema pole na kufunga mkutano.

Jumapili baada ya misa, kina mama walikuja kambini na kibuyu cha maziwa na debe la maharage. Mzee Tluway, jirani yetu wa karibu kabisa na msitu, alileta jogoo. Daktari alidhani wanamtia moyo wa kuanza msimu. Akashukuru kwa moyo wote. "Sitawasahau kamwe," alisema. Kina mama wakaimba, wakamwombea njia njema. Mimi nilikuwa jikoni na yule jogoo, wimbo nikausikia, maombi sikuyasikia.

Tulipopanda na nguzo siku chache baadaye, tulikuta matuta mapya ya viazi yamekata njia ya nyavu. Mzee Tluway alikuwa ameegemea jembe.

"Shikamoo mzee. Hapa si njia ya nyavu?"

"Marahaba, Paskalina. Ilikuwa. Daktari si tumeshamuaga? Jogoo wangu amemla."

"Hajaondoka, mzee."

"Anangoja nini? Jogoo ameisha!"

Nilikwenda kwa Mwenyekiti. Hakukasirika, ila alionekana amebanwa. Alinieleza kwamba mgeni akisema fedha zimekwisha na hajui ya mbele, huyo anaaga. Nao walimuaga vizuri, kwa maziwa na maombi. "Sasa leo tunamkuta sokoni ananunua nyanya. Aibu hiyo ni yetu. Na Tluway ameshapewa pale alime, nimwambie nini?"

"Daktari afanyeje, Mwenyekiti?"

Alifikiri. "Aondoke. Kisha arudi, tumpokee. Mgeni mpya anaweza kuomba njia."

Nilipomweleza Daktari alicheka sana, kisha akaacha, maana msimu ulikuwa umeanza na kila asubuhi ndege walipita bila wavu. Fedha za kuvukia zina mwisho wake, hazikungojei. Kwa bahati mkoa wa Manyara ulikuwa umezaliwa, na kibali tulichozoea kukifuata Arusha sasa kilifuatwa Babati. Akapanda basi kwenda Babati, na mabegi yote, watu wakiangalia.

Aliporudi nilimpokea stendi ya Mbulu nikambebea begi kama sijawahi kumwona. Kijijini wazee walikuwa wamekaa. Mwenyekiti akauliza, bila hata kutabasamu, "Karibu mgeni. Watokako wazima?"

"Wazima, mzee."

"Umekuja kwa kazi gani?" Huyo alikuwa Mzee Tluway.

"Kukamata ndege, kuwavisha pete na kuwaachia."

"Bado tu! Kwa muda gani?"

Daktari alinitazama. Mimi nikatazama chini. "Nataka kuifanya mpaka imalizike," alisema.

Huo nao ulikuwa ukweli, na ndio walioungojea tangu mwanzo: walitaka kujua nia yake, habari za mfuko hazikuwahusu. Wakatupa njia. Viazi havikung'olewa. Tulikubaliana kupita kwenye mifereji kati ya matuta, na siku ya majirani kumsaidia Mzee Tluway kupalilia, kambi nzima ilishika majembe. Daktari alikata mche mmoja, akatukanwa kwa upole, akapewa togwa.

Tuliingia kazini tumechelewa, na ukungu wa mwaka ule haukutusaidia. Kurumbiza wachache wenye pete za zamani walinaswa, akiwemo mmoja aliyevishwa enzi za Mtafiti Mkuu. Kwa takwimu za msimu huo Daktari aliandika ombi jipya, na safari hii alipata ruzuku ya miaka. Shemeji nilimjibu kwamba sitakwenda Katesh.

Nimestaafu sasa. Magoti yamekataa mlima. Wanaoshika nyavu leo wana simu zinazowaambia jua linachomoza saa ngapi, na wana mikataba mifupi kuliko yetu. Nawaambia wanaponitembelea: mkienda kuomba njia, semeni kazi kwanza.

Majuzi mtafiti kijana alinionyesha mchoro wa miaka yote ya kazi yetu, mstari unaopanda na kushuka. Akaweka kidole pale unapozama karibu kugusa chini. "Shikamoo tena bibi, hapa palitokea nini? Ndege walikufa?"

"Hawakufa," nikamwambia. "Hapo tulikuwa tunapita kwenye viazi."

Akaangalia tena mstari. Umezama, lakini haukukatika.