Nilipita mlango wa Koko nikiwa na chanjo mkononi

Kosa ni langu. Si la shetani, si la majirani, si la ugonjwa. Naandika bila jina kwa sababu nikilitaja, mtaa wetu wote wa Kasha utanijua, na bado sina uso wa kuwatazama.

Mimi nafuga kuku nyuma ya nyumba. Miaka kumi na tisa sasa! Watu waliponiita Maman Kuku nilifurahi kuliko nikiitwa jina langu la ubatizo. Kuku wako ana utitiri? Unakuja kwangu, nakuambia umwage majivu pale anapooga vumbi. Hujui yai gani ni la juzi na gani ni la leo chini ya kuku anayeatamia? Nakuonyesha kuyatia alama ya makaa. Sikumnyima mtu.

Kisha akahamia Maman Nsimire.

Alitoka Muhumba, mtaa wa wakubwa, mama wa ofisini, viatu safi, Kifaransa kinateleza. Alikuja na mama yake mzee, ambaye sote tulimwita Koko. Wiki ya kwanza tu alikuja kuomba ushauri, na mimi, mjinga mimi, nikamfundisha yote. Nikampa hata mitetea miwili ya kuanzia.

Mwaka haukuisha, kuku wake wakawa wazuri kuliko wangu! Wekundu, wanene, manyoya yanang'aa. Siri ilikuwa Koko, aliyeshinda nao mchana kutwa, akiwaokotea minyoo na kuwazungumzisha kwa Mashi, lugha ya kwao, kama wajukuu zake. Lakini sifa alizipata binti. Watu wakaanza kupita mbele ya nyumba yangu na kuku wagonjwa kwapani, wanaenda kwake. Kumwuliza nini? Mambo niliyomfundisha mimi!

Mume wangu naye akanimaliza. Siku moja alikuwa anakula yai, akasema, "Hii iko ya kwa Maman Nsimire, eh? Kiini yake iko muzuri." Lilikuwa la kwangu! Sikumsemesha siku mbili.

Kilichonivunja kabisa ni jogoo. Padri akitembelea shirika letu la sala, jogoo wa kumpokea hutoka kwangu. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo, ila ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Safari hiyo nilikuwa nimeshamfunga wangu kamba mguuni, namlisha mahindi. Kiongozi wetu akasimama, akasema, "Bamaman, jogoo tutakamata kwa Maman Nsimire. Ile yake iko na mwili."

Watu wakapiga makofi. Hata mimi nilipiga, tena kwa nguvu, ili mtu asione uso wangu.

Sasa sikilizeni. Kichupa kimoja cha chanjo ya ule ugonjwa unaopinda kuku shingo kinatosha kuku mia, na kikishachanganywa lazima kiishe siku ile ile. Nani ana kuku mia uani? Hakuna. Kwa hiyo tunashirikiana mtaa mzima. Veterineri, daktari wa mifugo, anachanganya dawa, kisha mtu mmoja mwenye mkono mwepesi anapita nyumba kwa nyumba asubuhi, tone moja jichoni kwa kila kuku. Mtu huyo ni mimi.

Siku moja kabla, Maman Nsimire alinisimamisha njiani. "Maman, kesho mi natoka mapema ku kazi, ku biro. Kuku nitazifungia ndani. Piga hodi tu, Koko atakufungulia."

"Hakuna shida, maman," nikamjibu, na tabasamu juu.

Asubuhi nilianza vizuri, nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilipofika kwenye lango lake nikawasikia wale kuku wakitetea ndani. Wivu ukanipanda. Mkono niliouinua kubisha ukarudi chini.

"Ni nani?" Koko akauliza kutoka uani, amesikia hatua zangu.

Nikanyamaza.

"Ni nani iko pale?"

Nikaondoka nikinyata kama mwizi. Mimi, mwanamke mzima mwenye wajukuu! Nilipomaliza nyumba zote, dawa iliyobaki ilitosha kuku wake wote, na bado ingebaki. Niliimwaga kwenye mfereji.

Sikutaka wafe, naapa! Nilitaka wapate shida kidogo tu, ili arudi kwangu, aniambie tena "nifundishe." Eti shida kidogo! Mtu aliyefuga miaka kumi na tisa anajua vizuri ugonjwa ule unaacha nini nyuma.

Ulifika wiki chache baadaye. Wangu walisimama. Wake walianza kupinda shingo mmoja mmoja, na siku kumi hazikupita akabaki mtetea mmoja tu. Nikaenda kutoa pole, kama jirani mwema. Koko alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya banda tupu. Binti yake akaniuliza, macho mekundu:

"Maman, siku ya chanjo haukufika kwetu?"

Ningeweza kusema ukweli palepale. Badala yake nikasema, "Nilifika! Nilipiga hodi mpaka mukono ikaniuma. Hakuna mutu alifungua."

"Hapana," Koko akasema. "Nilisikia mutu. Niliuliza nani, mara mbili. Hakuna mutu alijibu."

"Mama, masikio yako imechoka," binti akamjibu kwa hasira. "Maman alipiga hodi!"

Koko akanitazama. Alikuwa akingoja nimtetee. Na mimi, kwa ulimi huu huu, nikasema, "Ni uzee, Koko. Haiko kosa yako."

Tangu siku ile alianza kuamini. Ukimsalimia, anakuuliza mara tatu umesema nini. Akisikia sauti uani, haiti tena, anasema labda ni kichwa chake tu. Binti yake akaogopa kumwacha peke yake na makaa jikoni, akaamua kumpeleka kwa kaka yake Luberizi, huko chini bondeni kwenye joto. Koko hakutaka. Alilia kama mtoto.

Siku ya kuondoka nilikwenda kumuaga. Alinishika mikono yote miwili.

"Mwanangu, unisamehe," akasema. "Ulisimama ku mulango yangu na dawa, mi sikukufungulia. Ile kuku moja imebakia, beba wewe. Unajua kufuga."

Na nikambeba! Nikasema aksanti, Koko, safari njema. Gari likaondoka.

Leo Maman Nsimire hafugi tena. Watu wote wamerudi kwangu na kuku wao kwapani. Jogoo wa padri ametoka kwangu. Yule mtetea anataga vizuri sana, na mayai yake siwezi kuyaweka mdomoni.

Wewe unayesoma, jirani akikuzidi, lia. Jifungie chumbani useme maneno yote mabaya unayoyajua. Gombana na mume wako ukitaka! Lakini usisimame kimya mlangoni pa mtu anayekuuliza wewe ni nani. Mimi nilidhani namnyang'anya mwanamke mmoja sifa zake. Nilimnyang'anya mama mzee masikio yake, na yalikuwa mazima.