Hapana za Nedra Fuselier

"Ndoo sabini!" Kanali Burl Stockard alikuwa amesimama katikati ya korido ya kliniki, mkono mmoja kaukunja kubana pamba kwenye kiwiko, mwingine unapunga kofia. "Ndoo sabini za damu mmeninyonya tangu nianze kuja humu! Mkojo sihesabu. Mngekusanya vyote mlivyonitoa mngetengeneza Stockard mwingine, kijana, mkamchunguza huyo mpaka mchoke, mimi mkaniacha nikavue samaki!"

"Tungemtengeneza," alisema Nedra Fuselier bila kuinua macho kwenye karatasi zake, "ila kwa kelele, mmoja anatutosha."

"Na huyu daktari wenu mtoto eti ananiuliza usiku naamka mara ngapi kukojoa. Mimi! Nimeizunguka dunia mara mia moja na arobaini, mama, na kule juu hakuna aliyeniuliza swali la hivyo."

"Kule juu siku ya kuruka ulivaa nepi, Kanali. Cha kuuliza kilikuwa kipi?"

Wauguzi wawili nyuma ya kaunta wakainamisha vichwa kuficha meno. Kanali akanywea kidogo, kisha akacheka na yeye, maana kwa Nedra alishazoea kushindwa.

Miaka thelathini na mitatu walikuwa wakipigana hivyo. Nedra alitoka Port Arthur, kwenye mitambo ya mafuta, ambako baba yake alirudi nyumbani kila jioni ananuka kama taa ya chemli. Shule yake ilikuwa ya ukatibu, miezi tisa, na cheti chenyewe kiliharibiwa na mafuriko. Alitafuta kazi hospitali yoyote karibu na Houston, akaangukia hapa Clear Lake, kliniki ya watu wanaopelekwa angani. Wiki ya kwanza alitetemeka kila akimpa mtu faili. Wiki ya tatu alimkuta mmoja wao dukani anagombania tikiti maji na bibi kizee, kutetemeka kukaisha.

Kazi yake ilikuwa kutunza rekodi zao, kuanzia siku mtu anachaguliwa mpaka siku anazikwa. Si mpaka anastaafu, la. Mpaka kaburini. Maana mtu akikaa angani mifupa inapungua, macho yanabadilika, damu inapanda kichwani, na hakuna anayejua kwa hakika miaka thelathini baadaye kitaibuka nini. Wagonjwa wa kisukari wako mamilioni, ukikosea kwa mmoja una wengine wa kujifunzia. Wanaanga ni wachache. Faili moja likiwa bovu, umeharibu sehemu kubwa ya kila kinachojulikana.

Kila mmoja hupimwa mwezi aliozaliwa. Walioko kazini wanakuja wapende wasipende. Wastaafu wanakuja wakitaka, na hawataki. Hapo ndipo Nedra alipokuwa bingwa. Hakuwapigia simu wao, aliwapigia wake zao. "Lurlene, shoga, hujambo? Nyanya zimeshika mwaka huu? Na huyo mzee wako vipi, anapanda ngazi bila kupumzika?" Dakika tano baadaye Nedra anajua kila kitu, na Kanali ana miadi ya Jumanne saa mbili asubuhi, tumbo tupu.

Ila kulikuwa na jambo ambalo hata Nedra hakuliweza. Watu hawa ni marubani, na rubani anamwogopa daktari kuliko moto. Anaingia kwa daktari akiwa na ruhusa ya kuruka. Kizuri kuliko hicho hapewi humo ndani; akiongea sana anatoka bila ruhusa. Basi wanajifunza mapema: kichwa? Hakiumi. Usingizi? Kama mtoto mchanga. Ukimkuta mmoja amebeba mguu wake mkononi atakuambia alikuwa ameuchoka tu.

Leo Nedra alitania kama kawaida, lakini alikuwa na siri. Wiki mbili nzima alikuwa nayo.

Wiki mbili nyuma, wakubwa waliamua maboksi ya mafaili ya karatasi yapelekwe ghala la mbali. Kila kitu si kiko kwenye kompyuta? Nedra akapita kuyaaga, maana alikuwa ameishi nayo kuliko alivyoishi na mume wake. Akafungua la Stockard, kwa kuwa mwezi wake ulikuwa unakaribia. Akaikuta fomu aliyojaza baada ya safari yake ya kwanza. Maswali arobaini, kila moja lina visanduku viwili, Ndiyo na Hapana. Kanali alikuwa amepiga alama kwa nguvu mpaka karatasi imetoboka. Hapana, Hapana, Hapana. Isipokuwa swali la ishirini na tatu: katika safari, moyo uliwahi kupiga isivyo kawaida? Hapo hapakuwa na alama yoyote. Kulikuwa na kidoti kidogo cha wino, pale mtu alipoweka kalamu akaiondoa.

Nedra akaenda kwenye kompyuta. Swali la ishirini na tatu: Hapana. Aliyeingiza: N. Fuselier.

Akakumbuka yote. Kiangazi cha mwaka 2004, makarani watatu wakihamishia karatasi kwenye kompyuta, maboksi mpaka darini. Karatasi inavumilia kisanduku kitupu. Kompyuta ilikuwa haivumilii. Ukiacha wazi inapiga kengele na kugoma kuhifadhi. Akamuuliza bosi wa wakati ule. Bosi akasema, kama mtu hakusema ndiyo basi ni hapana, songa mbele. Nedra akasonga mbele. Sasa akafukua maboksi yote, moja moja, akapata watu arobaini na mmoja walioacha pengo, na mapengo yote kayaziba yeye.

Hakumwambia mtu. Mwanamke aliyetamba miaka yote kwamba faili lake halisemi uongo, aanzie wapi? Alirudi nyumbani, alikaanga bamia, hakuzila.

Halafu Lurlene akasema kwenye simu, kati ya habari za nyanya, kwamba mzee alidondoka gatini wakati anafunga boti. Macho yalimwingia giza. Na asubuhi hii Nedra alikuwa amesimama mlangoni akamsikia Dokta Luu, mwanamke kijana, makini, anayesoma rekodi zote mpaka mwisho, akisema: "Moyo wako umekuwa safi maisha yako yote, Kanali, naona hapa. Nadhani ni vidonge vya presha vimezidi. Nitavipunguza nusu, uende zako nyumbani."

Naona hapa. Hapo ni wapi? Hapo ni kwa Nedra.

"Kanali," alisema sasa, pale koridoni, "njoo ofisini kwangu kwanza."

"Nina njaa, mama. Sijala tangu jana."

"Utakula. Njoo."

Akamkalisha, akafunga mlango, akaweka mbele yake fomu ya zamani. Kanali akavaa miwani. Akaisogeza mbali, akaileta karibu. Nedra akamgeuzia kioo cha kompyuta, akamwonyesha kidole pale.

"Nani kaweka Hapana hapo?" Kanali aliuliza.

"Mimi."

"Sikusema hapana."

"Najua."

"Sikusema hapana, Nedra!" Sasa haikuwa tena sauti ya utani. "Unajua nilikaa na ile karatasi muda gani? Baba yangu alikuwa mchungaji. Nilikuwa tayari kunyamaza, ila kuandika uongo kwa mkono wangu, hapana, sikuweza. Nikaacha wazi makusudi. Nikasema, atakayetaka kuniuliza ataniuliza. Hakuna aliyeniuliza. Na wewe ukaja ukanidanganyia!"

"Nilikudanganyia. Mashine iligoma, nikaambiwa niweke, nikaweka. Sasa nakuuliza mimi. Ilikuwa ndiyo au hapana?"

Kanali akatazama dirishani. Nje, bwana mmoja alikuwa anahangaika kutafuta kivuli cha kuegesha gari, kama kwamba Texas kuna kivuli mwezi wa nane.

"Unajua bei ya injini ya boti siku hizi?" alisema Kanali.

"Burl."

Tangu wajuane hakuwahi kumwita hivyo. Mzee akavua miwani.

"Siku ya sita," alisema. "Nyaya za kupima moyo tulikuwa tumeshazivua, zilikuwa za siku maalumu tu. Nilikuwa naelea pale kwenye chakula, nafungua kuku, moyo ukaanza kuruka kama samaki ndani ya boti. Dakika arobaini. Kamanda wangu alinishika bega, akaniambia, unataka niwaambie walio chini? Nikasema, ukiwaambia nitakutupa nje. Ukaacha wenyewe. Mwaka uliofuata nilikuwa na safari nyingine, Nedra. Na ile ya kwanza nilikuwa nimeisubiri miaka tisa."

"Na baadaye? Moyo ulirudia?"

"Mara mbili tatu."

"Mbili au tatu?"

"Nane," alisema Kanali. "Ya mwisho ilikuwa gatini."

Nedra hakugusa kompyuta. Alitoka, akarudi na Dokta Luu, akasimama pembeni, mikono kaifumbata, akamwambia mbele ya Kanali: "Dokta, ile Hapana uliyoisoma niliiweka mimi bila kumuuliza. Si yake. Msikilize." Aliisema yote, pamoja na habari ya wale arobaini na mmoja.

Daktari hakumgombeza. Pengine angemgombeza ingekuwa nafuu. Alivuta kiti, akamhoji Kanali nusu saa, akaamuru vidonge visiguswe kwanza, na akaleta kimashine kidogo kama kitufe cha koti akakibandika kifuani pake, akae nacho wiki mbili kiandike kila pigo. "Asante umesema," alimwambia. "Ningekurudisha nyumbani na tiba ya tatizo jingine kabisa."

Daktari alipoondoka, Nedra akaketi kwenye kompyuta. Akaweka Ndiyo. Mashine ikauliza sababu ya kubadilisha. Akaandika: Kosa la mwingizaji, N. Fuselier. Ile Hapana haikufutika, maana humo hakifutwi kitu; ilibaki chini, imepigwa mstari, ina jina lake na tarehe, na yeyote atakayefungua faili atayaona yote mawili.

Kanali alikuwa anavaa shati, anakishikashika kile kitufe. "Sasa watasoma nini vijana wanaojiandaa kwenda sayari za mbali huko? Kwamba Stockard alificha miaka thelathini?"

"Watasoma kwamba ilitokea siku ya sita. Wao watakaa huko miaka miwili, Kanali, si siku tisa."

Mzee akafunga kifungo kimoja, akakosea tundu, akaanza upya. Nedra akachukua karatasi yenye majina arobaini yaliyobaki. Kanali akanyoosha shingo akaisoma juu chini, kwa kidole hewani, na kidole kikawa kinasimama hapa, kinasimama pale.

"Huyu tumemzika," alisema. "Na huyu. Huyu pia, mimi mwenyewe nilibeba jeneza, mvua inanyesha. Hawa ni kumi na mmoja, Nedra. Wao utawapigia simu wapi? Waliacha wazi kama mimi, na wewe ukawajazia, na sasa hawana mdomo wa kusema. Utawaachia Hapana yako mpaka mwisho wa dunia? Au utawawekea nini? Ee? Nasema na wewe!"

Nedra alikuwa ameshafungua mlango. Akaiweka ile karatasi kwapani, akapita kaunta, akawapita wauguzi waliotaka kumuuliza kitu, akashika korido ndefu kuelekea ofisi ya mkuu wa kliniki, kuwadaia wale kumi na mmoja visanduku vyao vitupu.