Shemeji, Bunduki na Mbwa Wangu Hulda

Shemeji yangu Orville alikuja kwangu na bunduki, mchana kweupe, eti anisaidie kumuua mbwa wangu.

Sitanii.

Alinikuta nimejifungia na Hulda ndani ya pikapu, milango nimeiloki, injini inanguruma.

"Verna, fungua! Mbwa ana saratani ya mfupa, keshakatwa mguu. Unamtesa tu."

"Anayeteseka ni wewe, shem. Mwenzio asubuhi kala mayai na sahani kalamba."

"Tangu ndugu yangu afe, umechanganyikiwa!"

Nikatia gia. Akaruka pembeni, buti zikazama kwenye theluji.

Nilikuwa naelekea Minnesota, kwenye hospitali ya mifugo ya chuo kikuu. Walikuwa wanajaribu chanjo mpya ya saratani kwa mbwa wa majumbani. Ikiwafaa mbwa, huenda siku moja ikawafaa na watoto wenye saratani kama hiyo.

Daktari Sundaram, mama asiyepaka maneno sukari, alinikalisha chini.

"Wote watapata kemo, zile dawa kali za kawaida za saratani. Juu yake, kompyuta itachagua: huyu chanjo, huyu maji ya chumvi yasiyo na dawa. Mimi sitajua, wewe hutajua, mpaka mwisho. Na ukitaka kujitoa, unajitoa."

"Daktari, nipe kalamu."

Hulda akadungwa. Akatapika sebule nzima. Nikasafisha, nikalia, nikamrudisha tena kwa sindano nyingine.

Theluji ilipoyeyuka, alikuwa anafukuza sungura kwa miguu mitatu!

Na mimi mdomo sasa! Mkahawani, kanisani, kituo cha mafuta: "Si mlisema afe? Mwangalieni! Ile dawa ni kiboko!" Nilimpitisha barabara kuu makusudi, polepole, kila aliyewahi kusema "maskini" amwone vizuri.

Kiangazi hicho Orville akaja tena. Safari hii hana bunduki. Kofia mkononi.

Mbwa wake, Sarge, alikuwa anachechemea. Ugonjwa uleule.

"Nikimpeleka huko, watu watanicheka, Verna."

"Wacheke. Kwani mbwa ni wao?"

Nikawaendesha mwenyewe.

Mwaka uliofuata, majani yakianza kupukutika, saratani ikaingia mapafuni mwa Hulda. Aliondoka kichwa chake kikiwa pajani mwangu. Sitaki kuieleza zaidi siku ile.

Majaribio yalipofungwa, Daktari Sundaram akanipigia.

"Verna, Hulda alikuwa kundi la maji ya chumvi. Kilichomsogezea siku ni ile kemo ya kawaida, na ubishi wake."

Nikakata simu. Mji mzima nimeutangazia maji!

Sijakaa sawa, Orville huyo mlangoni. Macho mekundu.

"Na mimi wamenipigia. Sarge alipata chanjo yenyewe. Mapafu yake safi mpaka leo." Akavua kofia. "Verna, mimi niliyetaka kumpiga risasi Hulda..."

"Ingia, unatuletea baridi. Kahawa ipo."

Asubuhi nikaenda mkahawani, nikasimama katikati ya wateja. Sikutaka wanisengenye.

"Mbwa wangu alikuwa anapewa maji! Nani ana la kusema?"

Mzee mmoja akacheka. "Kwa hiyo ulimsumbua bure."

"Bure? Daktari kaniambia kundi la Sarge limeishi muda mrefu kuliko kundi la Hulda. Bila Hulda wangejuaje kwamba ni dawa, si bahati? Hiyo dawa ya presha unayomeza hapo na mkate wako, kuna mtu alikubali kupewa kidonge kitupu kisicho na dawa ili wewe upone!"

Hata aliyekuwa anakaanga mayai aligeuka.

Orville, aliyekuwa meza ya pembeni, akasukuma kiti chake, akaja kusimama karibu yangu.

Ndugu zangu mnaosoma, nichukueni nilivyo. Kesho wakiniletea kalamu nitasaini tena, hata nikijua ni maji. Usimwachie mtu mwingine akupangie lini umkatie tamaa unayempenda. Na ukipigana ukakosa, inua kichwa: angalia kwanza ni nani anapumua leo kwa sababu ulipigana.