Dobi na Binti wa Ustawi

Dobi wa hospitali aliletewa mtoto wakati hana hata godoro la ziada. Afisa wa ustawi wa jamii alisimama mlangoni, amemshika mkono msichana mdogo mwenye mapengo ya mbele, akaomba amhifadhi kwa muda tu, mpaka ndugu wapatikane. Ndugu hawakupatikana. Wiki zikawa miezi, miezi ikawa miaka. Kwa kuwa alikuja bila kufungua mdomo, majirani walimwita Kimya. Alipoanza kuongea hakushikika, akahoji mpaka bei ya chumvi, lakini jina lilikuwa limeshaganda, na watu walicheka kila alipopita akipiga soga.

Dobi mwenyewe hakuwa mtu wa maneno. Ujana wake wote aliumalizia kwenye chumba cha kufulia, ndani ya mvuke, akilisha mashuka ya wagonjwa kwenye mashine kubwa ya pasi. Hakuolewa, wala hakumweleza mtu kwa nini. Kimya alimwita Mama, na shuleni hakuna aliyejua vinginevyo.

Kimya alimaliza sekondari vizuri, akapata nafasi chuo cha maabara. Furaha ikaingia na mashaka yake, maana mshahara wa Dobi ulikuwa wa kugangia njaa. Ndipo yule afisa alipopiga simu. Alisema serikali huwalipia karo na bweni vijana waliolelewa na familia zisizo za damu yao, na walioasiliwa vilevile. Ila kijana mwenyewe lazima afike ofisini, aeleze hali yake kwa mdomo wake.

Kimya alikataa. Hakugomba. Aliendelea kuosha vyombo, akasema bila kugeuka, "Nikienda pale nitakuwa mtoto wa serikali. Hapa ni mtoto wako."

Ilimpasa Dobi kumbana, na hakumbana. Maneno yale yalimlainisha moyo. Tena alikuwa na hofu yake ya siku nyingi. Hakuwahi kumwasili binti huyu, yaani kumfanya mwanawe kisheria; kila mara aliahirisha, akiogopa mahakama isije ikamwona hana uwezo na kumnyang'anya. Sasa Kimya alikuwa mtu mzima, ulezi ulishakwisha, na Dobi hakutaka kusikia afisa yeyote akilisema hilo mbele yake. Nafasi ya mwaka ule ikapita.

Kimya akaomba kibarua pale pale hospitalini, akawekwa upande wa pili wa mashine ya pasi. Wenzao walitania kwamba sasa chumba kina Dobi mkubwa na Dobi mdogo, na Dobi akacheka nao. Alifurahi kweli kufanya kazi na binti yake. Mpaka asubuhi moja alipomwona akivuta shuka, akirudisha mkono upesi kukwepa joto, kisha akilamba kidole kilichoungua, macho yakiwa kwingine, kama mtu aliyekwisha kuzoea. Dobi akaachia shuka alilolishika. Likajikunja ndani ya mashine, msimamizi akafoka, naye hakumsikia.

Jioni alimwambia Kimya kwamba kesho yake wanaenda ofisini.

"Na nikiulizwa wewe ni nani?"

"Sema ukweli."

"Ukweli upi, Mama?"

Dobi akapiga moyo konde, akasema neno lililosemwa ofisini haliwezi kumpunguza yeye kitu.

Afisa wa zamani alikuwa amestaafu. Aliyewapokea alikuwa kijana mpole, aliyewavutia viti yeye mwenyewe. Akauliza huyu mama aliyemsindikiza ni nani wake. Kimya aliinamisha kichwa, akakiinua.

"Mlezi wangu."

Kijana akamtazama Dobi apate uhakika. Dobi akaitikia kwa kichwa. Alikuwa amejiandaa tangu usiku, na bado neno lile lilimchoma. Akaulizwa Kimya kuhusu wazazi, akasema hawajui. Sauti yake haikutetemeka hata kidogo. Walipofika nje ya geti ndipo alipojiegemeza ukutani akalia, na Dobi akamfuta uso kwa ncha ya mtandio kama alivyomfuta utotoni. Hakuna aliyelitaja neno lile.

Msaada ulitoka, ingawa ulichelewa, na chuo kikampa nafasi tena, kikamvumilia. Serikali ililipa masomo na kitanda. Viatu na sabuni vilibaki kwa Dobi, naye hakulalamika. Nyumba ikapoa. Akawa anakula amesimama, sufuria ikiwa bado jikoni.

Likizo ya kwanza, wakikunja nguo pamoja, Kimya alieleza kwamba alirudi ofisini peke yake kuuliza kama mtu mzima anaweza kuasiliwa. Wakamjibu sheria hairuhusu, umri umeshapita.

Dobi alinyoosha kola ya shati kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Kisha akasema basi, mwanangu, na akamuuliza kama amekula.