Tumbo la Binti Yangu

Mama yangu alisema ni mchango, ile minyoo ya tumboni. Kwake yeye kila kitu kilikuwa mchango: mtoto halali, mchango, mtoto anajing'ata mkono mpaka unatoka damu, mchango, umemkaa tumboni na sasa umempanda kichwani. Binti yangu alikuwa na miaka minne, hasemi, hamtazami mtu usoni, na katika nyumba yetu ya Mji Mkongwe hapakuwa na aliyejua kwamba hali ile ina jina. Neno usonji nimelisikia mie nshazeeka. Wakati ule tulikuwa na bubu, tulikuwa na taahira, tulikuwa na "kapitiwa na shetani". Basi, chagua.

Mwalimu wa chuoni akamwandikia kombe, aya za Kurani kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji ya marashi, akanyweshwa. Hilo nilikubali, maneno ya Mungu hayamdhuru mtu. Lakini kila mwezi mama alimpa na haluli ya kuendesha tumbo, na hapo tukagombana. Mie mwalimu wa skuli, nimharishe mwanangu kwa ajili ya minyoo ambayo hakuna aliyeiona?

"Hutazami wewe?" mama alisema. "Kila akishaendesha, siku mbili tatu hajing'ati."

Nikamwambia hajing'ati kwa sababu hana nguvu, maskini ya Mungu. Nikaichukua ile haluli nikaimwaga chooni mbele ya macho yake. Wiki nzima hatukusemezana.

Chakula chake kilikuwa mkate tu, boflo na chai ya rangi. Asubuhi boflo, mchana boflo, usiku boflo. Ukimwekea wali anausukuma, ukimwekea ndizi anapiga ukelele mpaka majirani wanafungua madirisha. Na alikuwa na mchezo mmoja ulionitia aibu kuliko yote. Anatoka mlangoni, anakwenda kwenye baraza ya jirani, anajilaza kifudifudi penye pembe, tumbo juu ya ukingo wa jiwe, miguu inaning'inia, anajikandamiza. Alipokuwa mdogo watu walicheka. Alipovunja ungo hapakuwa na wa kucheka. Wanaume wanapita kwenda msikitini na yeye kajilaza vile. Bi mmoja wa mtaani akanambia, "Mwanangu, mfunze huyo, keshakuwa mwari." Nimfunze vipi? Nilimnyanyua kwa mkono mmoja nikamfinya kwa wa pili. Nimemfinya sana, Mungu anisamehe.

Mwisho wa miaka ya tisini kaka yangu, aliyekuwa akiishi Uingereza, akaniletea barua nene. Ndani mlikuwa na fotokopi za kurasa za gazeti. Nilizisoma na kamusi pembeni. Madaktari wa huko walikuwa wakijiuliza kama watoto mfano wa wangu wana bakteria tofauti matumboni mwao, na kama vijidudu hivyo hutoa sumu inayofika kwenye ubongo. Kila mstari wa pili ulikuwa na "labda" na "huenda" na "haijathibitika". Walitajwa pia watoto waliopewa antibiotiki wakatulia, wakatazama watu, kisha dawa ilipokwisha wakarudi kulekule walikotoka. Maneno hayo ya mwisho niliyasoma, na nikajifanya sikuyasoma.

Nilipomweleza mama, alicheka mpaka akashika ubavu. "Alaa! Kumbe kwa Kizungu ni bakteria, kwa Kiswahili ni ujinga!"

Nikazikunja karatasi zangu nikatoka nimekasirika.

Sasa sikiliza yaliyotokea. Mwezi uleule mtoto akaumwa sikio, akaandikiwa antibiotiki. Siku ya tatu tumbo likamwendesha kidogo. Siku ya nne hakujing'ata. Siku ya tano akaja jikoni, akakaa karibu yangu juu ya mbuzi ya kukunia nazi, akanitazama usoni kwa muda wa kumenya kitunguu kizima. Miaka kumi na nne nilikuwa nikiyangojea macho yale! Nikaamini kabisa kuwa sasa atasema, na nikaanza kuwaza litakuwa neno gani la kwanza, na nani nitamwita aje alisikie. Dawa ikamalizika. Wiki mbili hazikupita, meno yamo mkononi tena.

Hapo ndipo akili yangu ilipopotea. Nilikwenda duka la dawa Darajani nikasema sikio limerudi, nikauziwa. Akapata nafuu siku chache, kidogo tu, si kama mwanzo. Nikarudi, muuzaji akataka cheti cha daktari. Basi nikenda Mwanakwerekwe, ambako hakuna anayenijua, nikaongopa upya. Mie niliyekuwa nikiwachapa watoto wa watu kwa uongo! Mara hii nafuu haikuja. Mtoto akaanza kutapika, akalikataa hata boflo, midomo ikamkauka. Mama akasema, "Mwache mtoto, utamuua." Nikamjibu maneno ambayo siyaandiki hapa.

Siku ya pili yake tulikuwa hospitali. Daktari alikuwa mwanamke wa bara, si mtu wa haraka. Nikamtolea zile fotokopi, nikamweleza habari ya bakteria, sumu na ubongo, nikamwomba aniandikie dawa yenye nguvu zaidi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamlaza binti kitandani, akamgusa tumbo chini ya kitovu, na mtoto akapiga ukelele ambao nilikuwa nikiusikia kila siku nyumbani nikauita ukaidi.

"Mama, mara ya mwisho amepata choo lini?"

Sikujua. Anakwenda mwenyewe, anafunga mlango. Kila asubuhi nilikuwa nikiita majina ya watoto arubaini na tano wa watu, nikajua nani yupo na nani hayupo, na hilo la mwanangu sikulijua.

"Akiumwa tumbo anaonyeshaje?"

"Hasemi, daktari. Nshakwambia hasemi!"

"Sikuuliza anasemaje. Nimeuliza anaonyeshaje."

Nikafungua mdomo nimjibu haonyeshi, na hapohapo mtoto akateremka kitandani, akaenda kwenye meza ya daktari, akalaza tumbo lake kwenye pembe ya meza. Nikamrukia nimtoe, mkono ushakunjika tayari kwa kufinya. Daktari akanishika.

"Amefunga choo," akasema. "Na si leo wala jana. Hii huenda ni miaka."

Nikamuuliza, na bakteria je? Akasema habari ya bakteria na akili wenyewe wanaoichunguza bado hawajaimaliza, pengine ipo kweli, yeye hajui. Alijua kwamba dawa ile niliyompa huharisha, na huenda raha niliyoiona ilikuwa choo kutoka, basi. Kisha ikamuumiza. "Hili la kichwa siwezi kukuahidi kitu," akasema. "Tumbo nalitibu leo."

Watu wote wamenihurumia kwa msemo ule, uchungu wa mwana aujuae mzazi. Ehe! Mie ndiye mzazi. Tulilishughulikia tumbo lile miaka yote, mama kwa haluli, mwalimu kwa kombe, kaka kwa fotokopi, mie kwa antibiotiki, kila mmoja alilifanya njia ya kupita kwendea kichwani. Hakuna hata mmoja wetu aliyesimama akauliza kama linamuuma. Nilimkasirikia kila mtu. Nilimkasirikia hata daktari, kwa kuwa alihitaji dakika tano tu.

Akapewa dawa ya maji ya kulainisha choo, kila siku, kwa upole, si kama haluli ya mama. Tukapigana vita vya papai mwezi mzima, papai ukutani, papai kwenye buibui langu, mpaka akakubali kipande ndani ya boflo. Kujing'ata kukapungua, hakukwisha. Hakusema neno, na mpaka leo hajasema. Mama alinambia, "Si nilisema ni tumbo?" Nikamwambia, "Ulisema mchango, mama. Hukusema anaumwa." Papo hapo nikajuta.

Alasiri moja nimekaa chini nasahihisha madaftari, binti akaja akasimama mbele yangu. Anatazama ukutani. Akanishika kifundo cha mkono, kalamu ikaanguka, akauweka mkono wangu chini ya kitovu chake na kuukandamiza pale. Akangoja. Nilitaka kulia, na hasira zikaja kwanza, hasira za kunitia wazimu, kwamba lilikuwa jambo jepesi hivi.

"Nshasikia, mwanangu," nikamwambia.

Alikuwa na miaka kumi na tano, na sikuwahi kumwambia hivyo hata siku moja.